Btrfs kwenye diski pacha: mapitio ya namna inavyogawa kazi ya kusoma

Mtu anayeweka diski mbili pacha chini ya Btrfs, mfumo wa mafaili wa Linux, kwa mpango unaoitwa RAID1, hutarajia mambo mawili. La kwanza ni usalama: diski moja ikifa, ya pili ina kila kitu. La pili ni kasi, kwa hoja kwamba data ikiwa iko mahali pawili, mfumo wa mafaili unaweza kuchota nusu huku na nusu kule. Katika la kwanza Btrfs inastahili sifa, na nitaeleza kwa nini. Katika la pili, hali inayokuja nayo kabla hujagusa chochote ni dhaifu kuliko watumiaji wengi wanavyodhani, na udhaifu huo hautangazwi na ujumbe wowote wa kosa. Seva inafanya kazi, ila inafanya kazi kwa diski moja huku nyingine imekaa bure.

Suala la kuandika tuliondoe mapema, kwa sababu humo hamna cha kugawana. Kila bloku lazima ifike kwenye diski zote mbili, kwa hiyo kasi ya kuandika ni kasi ya ile diski iliyo nyuma, na hakuna mfumo wa mafaili unaoweza kukwepa jambo hilo. Swali lote la kugawa mzigo linahusu kusoma: data ikihitajika na nakala zikiwa mbili, ni nani anayeamua isomwe ipi, na anaamua kwa kutazama nini?

Btrfs, katika utaratibu wake wa kawaida, hutazama namba ya mchakato (yaani programu inayoendeshwa) unaoomba data. Keneli, yaani kiini cha Linux, huigawa namba hiyo kwa idadi ya nakala, na kinachobaki ndicho kinachoamua diski. Kwa nakala mbili, maana yake ni kwamba mchakato wenye namba shufwa unaelekezwa diski moja na wenye namba witiri unaelekezwa nyingine. Urefu wa foleni haupimwi, mahali kilipo kichwa cha kusomea hapaulizwi, na aina ya diski haitazamwi. Ni sawa na benki yenye madirisha mawili inayowapanga wateja kwa tarakimu ya mwisho ya kitambulisho: siku ambayo wengi wana namba shufwa, dirisha moja lina foleni hadi mlangoni na mhudumu wa dirisha la pili hana mtu.

Utaratibu huu una haki yake ya kutetewa. Ni mwepesi kabisa kwa prosesa, hauhitaji hesabu yoyote inayoshirikiwa na nyuzi nyingi (njia za utendaji zinazokwenda sambamba) kwa wakati mmoja, na unahakikisha kwamba mchakato unaosoma faili kwa mfululizo unabaki kwenye diski ileile, jambo ambalo kwa HDD, diski yenye sahani zinazozunguka, lina faida ya kweli. Kwenye mashine yenye mamia ya michakato inayosoma kwa pamoja, bahati yenyewe hufanya mgawanyo uwe karibu na nusu kwa nusu. Tatizo ni kwamba mashine nyingi hazifanani na hiyo.

Anayetaka kuliona jambo hili kwa macho yake afungue dirisha la amri aandike iostat -x 1, amri inayoonyesha shughuli za kila diski, kisha katika dirisha jingine asome faili moja kubwa kwa amri ya cat na kulimwaga kwenye /dev/null, ambako kila kinachoandikwa hutupwa. Safu ya mwisho ya iostat, yenye alama ya %util, itapanda hadi karibu 100 kwa diski moja na kubaki karibu na sifuri kwa nyingine. Usomaji ukiisha, aisafishe kumbukumbu ya keneli kwa kuandika 3 kwenye /proc/sys/vm/drop_caches na kurudia amri ileile. Huenda mzigo wote ukabaki palepale, au ukahamia wote kwenye diski ya pili. Faili halijabadilika, diski hazijabadilika, mipangilio haijaguswa. Cat mpya imepata namba mpya ya mchakato, basi. Kwangu mimi jaribio hili dogo linaeleza tabia ya Btrfs kuliko jedwali lolote la vipimo, kwa sababu linaonyesha pia kwa nini vipimo vya watu wawili wenye vifaa sawa vinaweza kupishana.

Upande wa programu halisi mambo huwa ya namna nyingi. Programu inayosoma kwa nyuzi nyingi inanufaika kiasi, kwa kuwa keneli humpa kila uzi namba yake, na hivyo nyuzi za programu moja zinaweza kugawanyika pande mbili. Programu ya kuhifadhi nakala za akiba inayosoma kwa uzi mmoja, kama tar, hainufaiki hata kidogo, nayo ndiyo mara nyingi inayokesha usiku kucha ikisoma diski nzima. PostgreSQL, programu ya hifadhidata, ni mfano unaofaa kutazamwa kwa karibu. Kwa miaka mingi kila muunganisho umehudumiwa na mchakato wake, na michakato hiyo ilikuwa inajisomea yenyewe, kwa hiyo hifadhidata yenye miunganisho mingi iligawanyika vizuri chini ya Btrfs. Toleo la 18, lililotoka 2025, lilileta michakato maalumu ya kusoma kwa niaba ya wengine, na idadi yake ya kawaida ni mitatu. Mitatu haigawiki kwa mbili. Katika hali nzuri kabisa, miwili itaelekea diski moja na mmoja diski nyingine. Katika hali mbaya yote mitatu itakuwa upande mmoja, na itabaki hivyo mpaka hifadhidata iwashwe upya.

Kuna mtego mwingine unaotokana na namba zenyewe. Namba za michakato hutolewa kwa kufuatana, na hati ya amri inayoanzisha wafanyakazi kadhaa mara nyingi huanzisha kila mmoja pamoja na msaidizi wake, kwa mfano msomaji anayefuatwa na programu ya kubana data. Kila jozi ikichukua namba mbili, basi wasomaji wote wataangukia namba shufwa, au wote witiri, na wasaidizi wasiogusa diski ndio watakaopewa upande wa pili. Mpangaji wa hati hiyo ataongeza idadi ya wafanyakazi akidhani anaongeza kasi, kumbe anarefusha foleni ya diski moja.

Sasa nirudi kwenye sifa niliyoahidi, kwa sababu inahusiana na udhaifu huu kwa namna ambayo si wengi wanaifikiria. Btrfs huhifadhi namba ya uhakiki kwa kila bloku, kwa kawaida kwa kanuni ya CRC32C, na kila inaposoma hulinganisha. Ikikuta bloku imeharibika, inakwenda kwenye nakala ya pili, inampa msomaji data iliyo sahihi, kisha inaiandika upya ile iliyoharibika. Huo ni ulinzi ambao md, mfumo wa RAID uliozoeleka wa Linux, hauna: md ikikuta nakala mbili zinatofautiana inaweza kuhesabu tofauti hizo, lakini haina njia ya kujua ipi ni ya kweli. Hata hivyo ulinzi wa Btrfs hufanya kazi pale tu bloku inaposomwa. Mchakato mmoja wa seva unaodumu kwa miezi na kusoma diski moja tu unaiacha diski ya pili bila kuguswa wala kukaguliwa, na sekta zilizooza huko hazitajulikana mpaka siku diski ya kwanza itakapokufa, ambayo ndiyo siku mbaya kuliko zote kwa ugunduzi huo. Kwa hiyo amri ya btrfs scrub, ambayo husoma nakala zote bila kujali namba ya mchakato, si pambo. Iwekewe ratiba, na mara moja kwa mwezi ni kiasi cha kuridhisha kwa matumizi mengi.

Mabadiliko makubwa yalikuja na keneli ya Linux 6.13, iliyotoka Januari 2025. Humo Btrfs iliongezewa taratibu mbili mpya za kuchagua nakala. Ya kwanza, round-robin, husoma kwa zamu: huhesabu kiasi kilichokwisha kusomwa, na kila kilobaiti 256 zikitimia zamu huhamia diski inayofuata, na kiwango hicho kinaweza kubadilishwa. Ya pili, devid, humruhusu msimamizi kutaja diski anayotaka isomwe daima. Zote mbili ziliingia chini ya chaguo la majaribio, kwa hiyo keneli iliyojengwa bila chaguo hilo haitakuwa nazo hata kama namba yake ya toleo inatosha. Kujua ulicho nacho ni rahisi: soma faili la read_policy lililo ndani ya /sys/fs/btrfs, katika folda yenye namba ya utambulisho ya mfumo wako. Ukikuta pid peke yake, yaani ule utaratibu wa namba ya mchakato, huna kingine. Ukikuta majina zaidi, lile lililofungwa kwenye mabano ya mraba ndilo linalotumika sasa, na kubadilisha ni kuandika jina jingine kwenye faili hilohilo.

Kwa SSD (diski za chipu) mbili zinazofanana, round-robin ndiyo ilipaswa kuwepo tangu mwanzo. SSD haina kichwa cha kusogeza, haijali kama ombi linalofuata liko jirani au mbali, na hivyo kuipa kila moja kilobaiti 256 kwa zamu kunazifanya zote mbili zifanye kazi hata kwa msomaji mmoja. Fungua tena iostat wakati wa lile jaribio la faili moja na utaona diski zote mbili zikipanda kwa pamoja. Hapo ndipo ile kasi mnunuzi aliyoitarajia inapopatikana.

Kwa HDD sishauri kabisa, na sababu yake ni ya kimaumbile. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 8.3. Ikiwa inasoma megabaiti 200 kwa sekunde, basi katika mzunguko mmoja inapitisha data isiyozidi megabaiti 1.7 hivi chini ya kichwa. Sasa diski ya kwanza inapewa kilobaiti 256, kisha inaambiwa iruke kilobaiti 256 zinazosomwa na mwenzake, kisha iendelee. Kuruka huko hakumwokolei muda wowote, kwa sababu sahani lazima izunguke na kulipitisha lile eneo lisilotakiwa kwa mwendo uleule ambao ingelisoma. Diski mbili zinaonekana kwenye iostat zikiwa na shughuli nyingi, na jumla ya data inayofika kwa msomaji ni karibu sawa na ya diski moja. Ili kuruka kuwe na faida, kipande cha kurukwa kinapaswa kuwa kikubwa kuliko njia nzima ya sahani, yaani megabaiti kadhaa. Mbaya zaidi, wasomaji wawili wakija kwa wakati mmoja, utaratibu wa zamu huvipeleka vichwa vya diski zote mbili kwenye mafaili yote mawili, huku na kule, ilhali utaratibu wa zamani wa namba ya mchakato, ukibahatika, ungempa kila msomaji diski yake na kila kichwa kingetulia mahali pake. Kwenye HDD, basi, pid ina makosa yake lakini inabaki kuwa chaguo la busara kuliko zamu.

Kinachokosekana katika taratibu zote tatu za Btrfs ni kuutazama mzigo wenyewe. Zamu hugawa kiasi cha data kwa usawa, haigawi muda. Kama diski moja ni ya polepole, inapewa kiasi kilekile na msomaji anaisubiri. Hapa ndipo ZFS, mfumo mwingine wa mafaili, inapoishinda Btrfs waziwazi. ZFS, iliyoanzia Sun Microsystems na kutolewa hadharani mwaka 2005, huangalia kila ombi la kusoma na kuhesabu foleni ya kila diski ndani ya uakisi (kundi la diski pacha), kisha huongeza adhabu kulingana na aina ya diski. Kwa HDD, ombi linaloendelea pale ombi lililopita lilipoishia halitozwi kitu, lililo ndani ya megabaiti 1 kutoka hapo hutozwa nusu ya adhabu, na la mbali zaidi hutozwa adhabu kamili. Kwa SSD adhabu ya kuruka ni ndogo sana. Diski yenye jumla ndogo ndiyo inayosomwa. Matokeo yake ni kwamba diski iliyozidiwa hupumzishwa bila mtu kuingilia kati, kwa sababu foleni yake inaporefuka inaacha kuchaguliwa.

Hata md, pamoja na kutokuwa na namba za uhakiki, inapanga usomaji kwa akili zaidi kuliko pid. Ikiwa na HDD hupendelea diski ambayo kichwa chake kiko karibu na data inayotakiwa; ikiwa na SSD hupendelea yenye maombi machache yanayosubiri; na usomaji wa mfululizo huuacha kwenye diski moja. Ina pia alama ya write-mostly, ambayo huwekwa kwenye diski ya polepole ili iandikwe lakini isisomwe ila kwa dharura. Nimezitaja hizi si kwa kumshauri mtu aihame Btrfs, bali kwa sababu zinaonyesha kwamba tatizo hili lina ufumbuzi unaojulikana na uliokwisha kutumika kwa muda mrefu.

Kinachonifanya niendelee kuikubali Btrfs ni uhuru wake katika mpangilio wa diski, ingawa uhuru huo nao una athari kwenye mzigo. Uakisi wa ZFS hupimwa kwa diski ndogo kuliko zote. Btrfs hugawa nafasi katika mafungu, kwa data kwa kawaida ya gigabaiti 1, na kila fungu huliweka kwenye diski mbili zenye nafasi tupu kubwa kuliko nyingine. Kwa hiyo diski ya terabaiti 4 na mbili za terabaiti 2 huleta terabaiti 4 zinazotumika, bila kupoteza kitu. Lakini fuata hesabu hiyo mpaka mwisho. Diski kubwa daima ndiyo yenye nafasi tupu zaidi, hivyo kila fungu lina nakala moja kwake, na nakala ya pili hupokezana kati ya zile ndogo. Diski kubwa inashiriki katika kila uandishi na, kwa wastani, nusu ya usomaji wote, ilhali kila ndogo inabeba robo ya usomaji. Hakuna utaratibu wa kusoma utakaoziweka diski hizi tatu sawa kwa kugeuza maneno kwenye faili la mipangilio. Anayetaka mzigo sawa anunue diski zinazolingana.

Kuongeza diski mpya nako kuna jambo la kuzingatia. Mafungu ya zamani hubaki yalipo, na diski mpya haitasaidia kusoma data ya zamani hata kidogo mpaka mafungu hayo yahamishwe kwa btrfs balance. Kazi hiyo huandika upya data, hivyo ni nzito, na ni vyema kuifanya kidogo kidogo kwa vichujio kama -dlimit badala ya kuiachia diski nzima kwa mara moja wakati watu wanatumia seva.

Diski inayoanza kuugua ni mtihani wa mwisho, na hapa Btrfs inahitaji msaada wa msimamizi. Haiiondoi yenyewe diski yenye makosa kwenye uakisi. Huendelea kuipelekea kazi. HDD nyingi za matumizi ya nyumbani, zikikuta sekta mbaya, hurudia kujaribu kwa muda mrefu sana kabla ya kukiri kushindwa, na Linux kwa kawaida huvumilia sekunde 30 kwa kila ombi. Chini ya pid, michakato iliyoangukia upande wa diski hiyo hukwama na mingine huendelea kama kawaida, hali inayomchanganya sana anayetafuta chanzo cha tatizo. Chini ya round-robin michakato yote hukwama kwa zamu. Diski inayokubali iambiwe ikate tamaa mapema, kwa smartctl -l scterc,70,70, ambayo huweka kikomo cha sekunde 7, ili Btrfs ipate jibu la kosa na kwenda kwenye nakala ya pili. Mpangilio huo kwenye diski nyingi hupotea umeme ukizimwa, hivyo urudishwe kila mashine inapowaka. Amri ya btrfs device stats nayo itazamwe mara kwa mara, kwa kuwa ndiyo inayohesabu makosa ya kusoma na ya uhakiki kwa kila diski.

Kwa aliye na SSD moja na HDD moja katika uakisi mmoja, na keneli yake inaruhusu, devid ndiyo inayomfaa. Atafute namba ya SSD kwa btrfs filesystem show, aiandike kwenye read_policy pamoja na neno devid na nukta mbili katikati, na usomaji wote utakwenda huko huku HDD ikibaki kama nakala ya usalama. Uandishi bado utaisubiri HDD. Mpangilio huu, kama ule wa round-robin, haukumbukwi mfumo wa mafaili unapopachikwa upya, yaani unapounganishwa tena na mashine, kwa hiyo uwekwe kwenye huduma ya systemd (programu inayosimamia huduma za Linux) inayoendeshwa baada ya kupachika, na iostat itazamwe mara moja baada ya kuwasha mashine kuhakikisha kwamba umeshika.